Terra Nil: Gemu la Kipupwe Linalofufua Ardhi

Kama una laptop inayowaka na jioni moja isiyo na kazi, itafute Terra Nil. Itafute leo! Nimeifungua hapa Sola, mkoani Simiyu, kipupwe hiki hiki, na tangu maji yalipotiririka kwenye mto wake wa kwanza sijatamani gemu jingine lolote. Ni gemu la kufufua ardhi. Unakabidhiwa bonde lililokufa kabisa, udongo wa rangi ya majivu, mto mkavu, hata unyasi mmoja huoni. Kazi yako ni kulirudishia uhai hadi wanyama waingie, halafu ung'oe mitambo yako yote, uipakie, uondoke. Basi! Hakuna wa kumpiga wala wa kumkimbia, na ukiamua kukaa nusu saa ukitazama nyasi zinavyopepea, hakuna atakayekuuliza.

Wametengeneza Waafrika hili. Studio inaitwa Free Lives, ya Cape Town, Afrika Kusini, na wasambazaji ni Devolver Digital. Lilitoka tarehe 28 Machi 2023 kwa kompyuta, na siku hiyo hiyo kwa simu kupitia Netflix. Desemba ya mwaka huo likaingia kwenye Nintendo Switch. Free Lives ndio waliotoa Broforce mwaka 2015, gemu la mabavu, bunduki na milipuko mwanzo mwisho. Watu wale wale! Waliokuwa wakilipua kila kitu kwenye skrini wamekaa chini wakatengeneza gemu la kuotesha nyasi, na mapenzi waliyoweka humo unayaona hadi kwenye jani moja moja.

Niseme kwanza habari ya majira, maana wenzetu wa Ulaya na Marekani wana magemu yao ya majira ya baridi, ya kucheza ndani huku theluji ikianguka nje. Huku theluji hatuna, lakini kipupwe tunacho, na anayedharau kipupwe cha Usukumani hajalala Simiyu mwezi wa saba. Mchana jua linawaka na upepo unapeperusha vumbi. Jua likishazama baridi inashuka, watu wanatafuta makoti na blanketi. Pamba imeshachumwa. Magunia yanakwenda kwenye mizani ya chama cha ushirika, mtama umeshaingia ghalani, na jembe linapumzika hadi mvua za mwisho wa mwaka. Ndiyo miezi ambayo Wasukuma tangu zamani wameitenga kwa michezo. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hupambana, na hukumu hutolewa na umati wenyewe kwa kukimbilia upande ulionoga. Wazee nao wana bao lao la isolo, kete zinagongana hadi giza linaingia. Kucheza baada ya mavuno huku kwetu hakuhitaji kuombewa radhi.

Vijana siku hizi wana vibanda vya pleisteshen. Navipenda, na huwa naingia. Lakini kibandani hupumziki: unalipia mechi, kuna watu wanne nyuma yako wanangoja padi, ukifungwa unanyanyuka, na kila goli lina kelele zake. Mtu aliyemaliza msimu wa kuchuma pamba, mgongo unauma, kichwa kina hesabu za ada na mbolea, anahitaji kitu cha aina nyingine jioni. Terra Nil imetengenezwa kwa ajili ya mtu huyo hata kama walioitengeneza hawajawahi kumwona.

Sasa twende ndani.

Ramani ya kwanza ni bonde la mto. Unaanza na mtambo wa upepo, na huo hausimami popote pale: unataka mwamba. Ukiusimika, duara la umeme linajichora kuuzunguka. Ndani ya duara unaweka mtambo wa kusafisha udongo, nao unaondoa sumu, rangi ya majivu inageuka kahawia safi inayokaribisha mbegu. Juu ya kahawia hiyo unaweka mtambo wa kumwagilia, na hapo, jamani, ndipo nyasi zinapotoka! Hazitokei kwa mkupuo. Zinasambaa kutoka kwenye mtambo kwenda nje, mraba kwa mraba, na kila mraba una kijisauti chake laini. Vaa spika za masikioni. Nasisitiza. Sauti ya gemu hili ni nusu ya raha yake: upepo, wadudu, maji, na muziki unaokuja na kupotea bila kukusumbua.

Kila mtambo una gharama, na fedha ya humo ndani ni majani. Unatumia majani kuweka mtambo. Mtambo ukiotesha nyasi, unavuna majani mengine. Ukiweka vizuri, kila hatua inajilipa na kubakiza akiba. Ukiweka ovyo, kwa mfano mitambo miwili inayomwagilia sehemu ile ile, majani yanapungua. Ni hesabu ndogo, ya kutosha kuushughulisha ubongo bila kuuchosha, na inafanyika kwa mwendo wako. Usipobonyeza kitu, ardhi inakungoja.

Halafu mto. Kuna mkondo mkavu unaokatiza bonde, umepasuka pasuka, na pampu inakaa pembeni yake. Unaibonyeza. Maji yanachomoka, yanajaza mkondo, yanapinda kona, yanazidi kwenda hadi yanatoka nje ya ramani. Mtu wa Simiyu haangalii jambo hilo kwa macho makavu. Mito yetu mingi ni ya msimu. Kufika mwezi wa saba imebaki mchanga mtupu, na wanawake na watoto wanachimba visima vidogo katikati ya mkondo, wanachota kwa kibuyu au kopo maji yanayojikusanya polepole. Maji ni habari nzito hapa. Mji wa Maswa unategemea Bwawa la New Sola, lile la Zanzui, na mvua zikiwa chache kila mtu anauliza kina cha bwawa kimefika wapi. Kwa hiyo skrini inaponionyesha mkondo mkavu ukijaa ndani ya sekunde chache, inanigusa pahali ambapo hakuna gemu jingine limewahi kufika.

Na hiyo ni hatua ya kwanza tu! Ya pili ndiyo iliyonifanya niwaite watu wa nyumbani waje kuona. Bonde limeshakuwa kijani, lakini kijani cha aina moja hakijawa makazi ya kiumbe chochote, na gemu linakudai utofauti. Unabadilisha baadhi ya mitambo ya kumwagilia ili ilete ardhi oevu, matete yanasimama kandokando ya maji. Unaweka mizinga ya nyuki, na maua yanatapakaa. Yanaitwa fynbos, uoto wa maua na vichaka wa kule kwao Rasi ya Afrika Kusini, na nimefurahi sana kuona wamechukua kitu cha nyumbani kwao wakakiweka katikati ya gemu la kuuzwa dunia nzima. Kisha unataka msitu. Msitu haupandwi kwenye nyasi. Inabidi uchome.

Ndiyo, uchome! Unasimika mtambo unaokusanya jua, unauelekeza, na nyasi ulizozihangaikia zinashika moto. Moto unasambaa mbele ya macho yako, mwekundu, na kwa dakika moja moyo unakwenda mbio. Wangu ulifika kwenye mto ukaishia hapo. Ukibakiza majivu, majivu hayo ndiyo mbolea, na miti inaota juu yake, mirefu, minene, ya kijani kilichokolea. Mkulima yeyote anaelewa moto ni mtumishi na ni hatari vilevile. Sikutegemea kuona gemu linalolijua hilo na kulionyesha bila kuhubiri.

Wakati huo wote kuna vipimo viwili pembeni, cha unyevu na cha joto. Unavisogeza kwa kile unachootesha na kwa mitambo ya kuita mawingu. Unyevu ukifika kiwango chake, mvua inaanza. Hukuibonyeza, imeanza yenyewe! Matone yanapiga, rangi za bonde zote zinakolea, na mimea inajitokeza pahali ambapo hukupanda chochote. Nimekuwa nikiwaonyesha watu sehemu hiyo tu, na kila mmoja ananyamaza anapoiona.

Hatua ya mwisho ni ya wanyama na ya kuondoka. Unapeleleza ardhi kwa mawimbi ya sauti ukitafuta pahali panapomfaa mnyama fulani: huyu anataka msitu uliokaribiana na maji, yule anataka uwanda wa maua. Ukipata, anaingia. Kulungu wanatembea kwa makundi, dubu anazunguka kwenye miti. Halafu unaanza kubomoa. Unaweka vituo vya kukusanya vyuma, mitambo inafumuliwa mmoja mmoja, vipande vinasombwa kupitia mtoni hadi kwenye chombo chako cha angani. Hapa mto unakuwa barabara, na kama uliupanga vibaya mwanzoni sasa ndipo unapolipa, maana chombo hakiondoki hadi kila kitu kimeondolewa. Unakiacha kiwanja safi kama mgeni aliyelala kwako, akatandika kitanda na kufagia uwanja kabla hujaamka.

Mwishoni kuna kitufe cha kutazama tu. Ukikibonyeza, vipimo na alama zote zinatoweka, kamera inapita juu ya bonde, na unaangalia kazi yako. Sijui magemu mangapi ya kujenga miji nimecheza, na karibu yote humalizika kwa kukuambia ujenge zaidi. Hili linakuambia umemaliza.

Nieleze sasa kwa nini limenishika mimi kuliko linavyoweza kumshika mkosoaji aliyeko London. Kazi hii imewahi kufanyika hapa, kwa mikono na kwa vikao.

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa Machi 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa wilaya za Shinyanga, na Shinyanga ndiyo Mwalimu Nyerere aliyoiita jangwa la Tanzania alipoitembelea katikati ya miaka ya 1980. Jina hilo halikutoka hewani. Enzi za Mwingereza miti ilifyekwa kwa maeneo makubwa ili mbung'o wakose pa kujificha. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, kuni zikatafutwa mbali zaidi kila mwaka, na operesheni ya vijiji miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka kwenye maeneo yao ya malisho waliyoyatunza wenyewe. Upepo ukawa unapita juu ya udongo ulio wazi.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa msaada wa Norway. Busara ya HASHI ni kwamba ilichukua kitu ambacho Wasukuma walikuwa nacho tayari: ngitili. Kwa asiyefahamu, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii, nyasi na miti vinaachwa vikue. Kiangazi kikikolea na malisho mengine yakiisha, linafunguliwa kidogo kidogo. Kuna ya familia na kuna ya kijiji. Visiki vilivyokuwa hai chini ya ardhi vikachipua bila kupandwa. Mipaka na faini ziliamuliwa na wanakijiji wenyewe kwenye dagashida, baraza lao la jadi, na sungusungu wakalinda. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa kwenye kumbukumbu zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kupita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800! Mwaka 2002 HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta ya UNDP, na watafiti walioingia kwenye ngitili zilizofufuka waliorodhesha zaidi ya spishi 150 za miti, vichaka na mimea itambaayo, pamoja na spishi zaidi ya 140 za ndege.

Ukizijua habari hizo, Terra Nil inageuka kuwa kitu kingine kabisa mikononi mwako. Nyasi kwanza, miti baadaye, ndege na wanyama mwisho: mfuatano ule ule. Hesabu ya kuacha sehemu ipumzike ili sehemu nyingine izae: ile ile. Na majira pia yanaoana, kwa sababu kipupwe kikikaribia kwisha ndipo ngitili zinapofunguliwa. Unaweza kucheza jioni, asubuhi ukapita kando ya ngitili ya jirani, ukaona nyasi za rangi ya dhahabu zimefika kiunoni upande mmoja wa mpaka na vumbi tupu upande wa pili. Picha ya kabla na baada, umbali wa hatua moja.

Mzee mmoja jirani yangu alikaa nami akiangalia. Nilimwamkia, akaitikia, akavuta kiti, akatazama bonde likipata maji, likipata nyasi, likipata msitu. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Wanyama walipoingia akauliza, "Mjukuu wangu, na ng'ombe wako wapi?" Nikamwambia, "Babu, humu hakuna ng'ombe, wala watu, tukimaliza tunaondoka." Akafikiri. "Sasa nani atailinda?"

Swali hilo ndilo pingamizi langu kubwa kwa gemu ninalolipenda hivi, na nalisema kwa heshima zote. Terra Nil inaamini ardhi inapona binadamu akiondoka. Ngitili ilionyesha kwamba inapona binadamu akibaki, akajiwekea sheria, akamwadhibu anayeingiza mifugo kabla ya wakati, na akala matunda yake: malisho, kuni, dawa, asali, miti ya kujengea. Fikra ya Cape Town ni nzuri na inapendeza machoni. Ya Usukumani ni ngumu zaidi, kwa sababu baada ya kufufua kuna kuishi, na kuishi kuna ng'ombe. Ningetoa chochote nione ramani ya Terra Nil ambamo hatua ya nne ni kuwaingiza ng'ombe polepole bila kuiangamiza kazi yako!

Turudi kwenye utulivu, maana ndio uliotuleta. Gemu lina viwango vya ugumu, na chepesi kinaitwa Gardener. Chagua hicho bila aibu. Gharama zinashuka, majani yanatosha, unaweza kujaribu jambo la ajabu likashindikana na bado ukaendelea. Viwango vya juu vinakubana, na mwenye kupenda mafumbo atavifurahia. Mimi kipupwe sitaki kubanwa. Ramani hupangwa upya kila unapoanza, hivyo bonde la leo si la jana. Baada ya bonde kuna kisiwa cha tropiki chenye fukwe na matumbawe, halafu nchi ya barafu yenye volkano, halafu jiji lililofurika, maghorofa yakichungulia kutoka majini. Kisiwa nimekipenda. Jiji lililofurika ni zito kuliko mengine yote, na pale mwisho, kwenye kukusanya mitambo, utulivu unapungua. Likikuchosha, rudi bondeni, hakuna anayekukataza. Mwaka 2024 waliongeza ramani na mitambo mipya bila kudai malipo ya ziada.

Watu wataniuliza kuhusu Stardew Valley. Ni gemu zuri mno, la shamba, aliloliunda Eric Barone peke yake na kulitoa mwaka 2016, nalo limeuza zaidi ya nakala milioni 41. Lipo kwenye simu pia. Lakini siku moja ya Stardew haifiki hata robo saa, saa inakimbia pembeni ya skrini, nguvu zinakuishia, duka linafungwa, usipolala kwa wakati unaanguka. Mkulima halisi anayajua hayo kutwa nzima. Kwa kumtuliza mtu wa mjini linafaa sana. Kwa aliyetoka shambani, Terra Nil inampumzisha zaidi.

Ukitaka kifupi zaidi, kipo A Short Hike cha mwaka 2019, cha Adam Robinson-Yu. Ndege mdogo aitwaye Claire anapanda mlima ili apate mtandao wa simu. Nani wa vijijini hajawahi kupanda kilima kwa sababu hiyo? Kinakwisha jioni moja. Na ukiwa na simu tu, Townscaper ya Oskar Stålberg inakuruhusu kujenga mji mdogo juu ya maji kwa kugusa kioo. Haina lengo lolote, na hilo ndilo zuri lake.

Kasoro nyingine za Terra Nil ni chache. Kati ya mazingira niliyokutana nayo hakuna nyika ya migunga, hakuna mbuyu, hakuna nyumbu, na Serengeti iko hapa hapa ubavuni mwa mkoa wetu. Kiswahili nacho hakimo. Maandishi si mengi, na kitabu cha mwongozo kina michoro maridadi ya rangi ambayo inajieleza, kwa hiyo hata asiyejua Kiingereza vizuri atafika. Lakini ingewezekana! Mwaka 2024 Tales of Kenzera: ZAU, la Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, lilitoka likiwa na sauti za Kiswahili kamili. Hilo ni gemu la mapambano na la msiba, si la kupumzikia, ila limeshathibitisha kwamba lugha yetu inakaa vizuri kabisa kwenye magemu makubwa.

Habari za mfukoni. Kwenye Steam, duka la magemu la mtandaoni, bei ya kawaida ni dola 24.99, yaani zaidi ya Sh 60,000, na hizo ni fedha nyingi. Usikimbilie, Steam huwa na punguzo mara kadhaa kwa mwaka, liweke kwenye orodha ya unayoyatamani na ungoje. Kulipa unaweza kutumia kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma ya pesa za simu. Sehemu ya faida ya gemu hili kwenye Steam waliahidi kuipeleka Endangered Wildlife Trust, taasisi ya Afrika Kusini inayohifadhi wanyama walio hatarini. Pakua usiku kwa bando la usiku. Likishaingia halidai tena intaneti, unacheza hata mtandao ukikatika. Laptop yangu ni ya kawaida, imebeba bonde na kisiwa bila shida, na feni ilianza kuvuma kwenye jiji lililofurika. Ichaji mapema ikiwa umeme wa kwenu una tabia ya kuondoka jioni.

Na ninyi mnaounda magemu Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, nawaomba kwa moyo wote: njooni Simiyu mwezi wa saba. Tembeeni kwenye ngitili, kaeni kwenye dagashida, waulizeni wazee mipaka iliwekwaje na nani alitozwa faini. Watu wa Cape Town wamechukua fynbos yao wakaiuza dunia nzima. Sisi tuna hekta laki tatu zilizofufuliwa na wakulima na wafugaji, na bado sijaona gemu hata moja linaloisimulia kazi hiyo. Mkilitengeneza, nitalinunua siku ya kwanza kwa bei kamili.

Kwa kipupwe hiki, lililopo ni Terra Nil, na ni zuri kupita nilivyotarajia. Anza na bonde la mto, chagua Gardener, vaa spika za masikioni, na mvua ikianza kunyesha usiguse kitu hadi ikatike.